Mwezi wa Pilau

Asheri aliuona mchanga unapungua kabla mama mkwe wake hajauona, akafanya jambo la kijinga: akauhamisha mwavuli.

Aliung'oa, akausogeza hatua sita, akauchomeka tena pale palipoinuka kidogo. "Huku kuna upepo mzuri zaidi, Mama," akasema kwa sauti ya uchangamfu ambayo hata yeye mwenyewe hakuijua.

Bi Beatrisi akamtazama. Alikuwa mwalimu mstaafu, miaka thelathini na tisa ya hesabu na Kiswahili katika shule za msingi za Soni, huko milimani. Mtu wa kuangalia kwanza mikono ya mtoto, maneno baadaye. "Hata pale upepo ulikuwepo," akajibu. Lakini akachukua mkoba wake, akahama.

Haya. Kabla maji hayajatufikia na sisi, tuelewane kwanza walifikaje pale, mtu na mama mkwe wake, peke yao katikati ya bahari. Maana ukiambiwa hivi hivi utasema wana wazimu.

Pale ni Maziwe, na Maziwe si kisiwa kama unavyokidhani kisiwa. Ni fungu la mchanga ndani ya hifadhi ya bahari, mwendo wa dakika arobaini kwa boti ya mashine kutoka Pangani, na matumbawe yamelizunguka pande zote. Wazee wanakumbuka miti ya mivinje imesimama pale. Mivinje ikaenda na maji, mchanga ukabaki, na siku hizi bahari ikipwa fungu linatoka, bahari ikijaa linakufa. Ndivyo wanavyosema wenyewe: fungu limekufa. Wageni wanapelekwa maji yakiwa yametoka, wanavaa miwani ya kuzamia na mrija mdomoni, wanalala kifudifudi juu ya maji wakitazama samaki, kisha wanarudishwa mapema. Asheri ndiye aliyekuwa akiwapeleka. Mwaka wa tatu huo.

Na shida yenyewe ilikuwa hiyo kazi. Mkewe Loveness alikuwa na mimba ya miezi saba, wanakaa chumba kimoja cha kupanga Usagara, mjini Tanga. Mama yake alishuka kutoka Soni akiwa na neno moja moyoni, na hakulificha. "Mwanamume anayelipwa kwa kuogelea hana kazi, ana likizo," alimwambia binti yake, mlango ameuacha wazi makusudi ili anayesemwa asikie. Jumatano angepanda basi kurudi kwake, na Loveness angepanda naye, akajifungulie milimani, na asishuke mpaka mumewe apate kazi ya watu wazima. Begi la bluu la Loveness lilikuwa limeshafungwa, limekaa pale mlangoni. Asheri alikuwa akiliruka akitoka, akiliruka akiingia. Loveness hakusema nataka, hakusema sitaki. Alikuwa akilia huku anakosha vyombo, basi.

Mwishowe Asheri akapiga magoti hasa, mtu mzima na ndevu zake. "Mama, njoo siku moja tu uione kazi yangu. Ukishaiona, sema utakalo."

Akaja. Jumapili, na akalalamika njia nzima kwamba wenzake wako kanisani yeye anapelekwa kuoga. Walivuka na wageni kumi wa kutoka Arusha, boti inaendeshwa na Zabron, fundi mashine. Wageni wakazama, wakaibuka, wakapiga kelele za furaha, wakapiga picha mpaka simu zikaisha chaji. Bi Beatrisi alikaa chini ya mwavuli na kitenge chake, viatu hakuvua. Kila Asheri alipomletea miwani alisema, "Samaki nimewaona kwenye sufuria."

Saa nane wageni wakawa wamechoka, wanataka kurudi kula. Asheri akaona siku inamponyoka. Mama huyu akirudi hajaingiza hata kidole majini, begi la bluu limekwenda. Ndipo alipomwambia Zabron, "Wapeleke hawa. Mimi na Mama tunabaki. Rudi saa kumi."

"Maji je?" Zabron akauliza. Aliuliza kwa adabu tu. Zabron ni mtu wa Ukerewe. Maji anayajua tangu utotoni, ila ziwa lao halipwi wala halijai.

"Maji nayajua mimi," Asheri akasema. "Leo mwezi tatu. Fungu linakufa saa kumi na robo."

Boti ikaondoka na laifu jaketi zote, isipokuwa moja aliyomwachia mama mkwe.

Sasa sikiliza hapo kwenye mwezi tatu, yaani siku ya tatu tangu mwezi uandame, maana ndipo penye mambo. Nahodha wa siku zote ni Jaku, Mpemba wa Micheweni, mtu mzima aliyemfundisha Asheri bahari yote anayoijua. Jaku hatazami saa. "Yakhe, bahari haina habari na saa yako ya mkononi, inafuata mwezi," alimwambia. "Mwezi pili fungu hufa saa tisa u nusu. Mwezi tatu, saa kumi na robo. Wewe hesabu tangu Idi, hupotei." Siku zile Jaku alikuwa Pemba, amekwenda kula sikukuu na wazee wake, na Asheri kwa mara ya kwanza alikuwa anahesabu peke yake.

Akahesabu tangu Idi. Lakini Asheri ni Mlutheri, mtoto wa mkata mkonge wa Muheza. Kutafuta mwezi mwandamo magharibi kichwa juu, hajawahi. Idi anaijua kwa pilau. Ijumaa mwenye nyumba wao pale Usagara aliwagawia wapangaji wote pilau, sahani kubwa, na nyama ya kutosha. Basi Ijumaa mosi, Jumamosi pili, Jumapili tatu. Kuna kosa hapo? Hakuna. Hata mtoto wa darasa la kwanza angepata.

Ila fungu lilianza kuliwa saa tisa kasorobo.

Asheri alisimama akiutazama ulimi wa maji ulioingia kwenye kibonde cha mchanga, ukarudi, ukaingia tena mbele zaidi. Kaa wadogo walikuwa wanakimbia kupanda juu. Akajiambia ni wimbi la boti iliyopita mbali. Hakukuwa na boti. Akajiambia ni upepo. Upepo ulikuwa wa kawaida. Akatembea mpaka ncha ya kaskazini akakuta ncha haipo, akarudi kwa hatua za haraka huku anajizuia asikimbie, maana mama yule alikuwa anamtazama.

Ndipo ikamjia. Jumamosi asubuhi, Pangani, watoto wamevaa nguo mpya, wasichana na hina mikononi. Jaku akiwa na begi lake la safari amempa bakuli la pilau na kumshika mkono: "Idi mubarak, yakhe!" Yeye akacheka, akadhani mzee anaendeleza sikukuu ya jana. Akala. Pilau la Idi pili hilo, alijisemea.

Lo! Halikuwa la Idi pili. Mwenye nyumba wake ni katika wale wanaofungua kwa mwezi wa Maka. Jaku na Pangani nzima waliungoja wa kwao, wakauona Ijumaa jioni. Idi mbili, mapilau mawili, na bahari ilikuwa upande wa Jaku. Leo ilikuwa mwezi pili. Fungu lilikuwa linakufa saa tisa u nusu, na boti inakuja saa kumi.

Akampigia Zabron. Namba unayopiga haipatikani. Akapiga tena, haipatikani. Akapiga mara tisa huku amempa mama mkwe mgongo, akijifanya anapiga picha.

"Kuna nini?" Bi Beatrisi akauliza.

"Hakuna kitu, Mama."

Akauhamisha mwavuli mara ya pili. Akasema jua limegeuka. Baada ya dakika kumi akauhamisha mara ya tatu, na safari hii kila uongo aliouokota mdomoni ulikuwa mfupi. Mchanga uliobaki haukuzidi chumba cha darasa. Alikuwa hawezi kusimama mahali pamoja. Alikwenda, akarudi, akafungua mfuko, akafunga mfuko, akapima maji kwa mguu, akapima tena palepale.

"Asheri," akasema mama mkwe. "Huu mwavuli unakimbia nini?"

"Maji yatasimama sasa hivi, Mama. Huwa yanasimama."

"Nimefundisha watoto miaka thelathini na tisa. Mtoto aliyekosa hesabu namjua kwa miguu. Kaa chini uniambie."

Hakukaa, maana pa kukaa palikuwa pamelowa. Akamwambia amesimama, mikono nyuma, kama yuko mbele ya ubao. Akaeleza mwezi, Jaku, Idi, pilau la Ijumaa na pilau la Jumamosi. Alipomaliza aliogopa kumtazama usoni.

"Kwa hiyo," akasema Bi Beatrisi polepole, "wewe bahari umeihesabu kwa pilau."

"Ndiyo, Mama."

"Na umejua lini?"

"Saa tisa kasorobo."

Akatazama saa yake. "Saa hizi ni tisa na robo. Nusu saa nzima unanihamishia mwavuli!" Sauti ilimpanda. "Mimi nitakufa humu, Asheri? Niambie ukweli mmoja tu. Sijui kuogelea. Binti yangu ana mimba. Nitakufa humu?"

"Hapana, Mama. Ukinisikiliza, hapana."

Alimvalisha ile laifu jaketi moja. Alimvalisha kwa mbali, kwa ncha za vidole, uso ameugeuzia pembeni. Unajua mambo ya mkwe. Tangu aoe hajawahi kumshika mama yule hata kiganja, shikamoo zake hutolea mlangoni, na kiti alichokikalia mama yeye hakalii. Sasa anatafuta mkanda wa jaketi kiunoni mwake huku anatokwa jasho. Mkanda ukamshinda mara mbili.

Saa tisa u nusu, kama Jaku alivyosema, wimbi la kusini na wimbi la kaskazini yakakutana miguuni mwao, na Maziwe ikafa. Mwavuli ukaanguka, ukachukuliwa. Mkoba wa Bi Beatrisi alikuwa ameuvaa shingoni, na viatu bado hajavua.

Kwanza maji ya vifundo. Kisha ya magoti. Kitenge kikaanza kumvuta, akayumba, akapiga yowe, mikono inatafuta hewa. Asheri alikuwa hatua moja tu kutoka kwake, mkono ameunyosha nusu, ameuacha hapo katikati.

"Nishike!"

"Mama..."

"Nishike wewe! Adabu tutaitunza nchi kavu!"

Akamshika. Mkono ulikuwa mdogo kuliko alivyodhani, na wa baridi.

Saa kumi ikafika. Boti haikufika. Maji yakampita Bi Beatrisi kiuno, miguu ikawa haikanyagi vizuri, na kila wimbi lilipomwinua alikuwa anameza maji na kuliita jina la Yesu. Macho yake yalikuwa yanakwenda huku na huku juu ya maji matupu, pwani mstari tu kule mbali, na pumzi zikaanza kumwenda mbio. Asheri alizijua pumzi zile. Aliwahi kuziona kwa wageni. Mtu wa namna hiyo anakuparamia, mnazama wote wawili, na yeye jaketi hana.

Miwani ilikuwa imening'inia shingoni mwake. Akaivua.

"Mama, usitazame juu. Juu hakuna kitu cha kukusaidia. Vaa hii, uma huu mrija, lala kifudifudi, utazame chini. Jaketi litakubeba. Mimi nimesimama, mkono siuachi."

"Siwezi."

"Unaweza. Pumua kwa mdomo. Polepole, kama unampulizia mtoto uji."

Sauti hiyo ndiyo iliyokuwa yake. Aliitumia kila siku kwa watu waliokuwa wanaogopa, na hakuwahi kufikiria kwamba ni kazi. Bi Beatrisi akaisikia. Akauma mrija, akafumba macho, akaweka uso majini.

Akautoa mara moja, anakohoa. Akauweka tena. Akautoa. Mara ya tatu ukakaa.

Walikuwa kwenye ukingo wa fungu, mchanga unapoishia na matumbawe yanaanza. Asheri alichimba visigino, maji yamemfika kifuani, akasimama hapo kama mti wa kufungia boti, na mama mkwe wake akaelea mbele yake, kitenge kimetanda, mkono mmoja mkononi mwake. Pumzi za kwenye mrija zilikuwa fupi fupi. Halafu zikarefuka. Halafu, bila kutazamiwa, mkono ule ukambana kwa nguvu na kichwa kikaibuka.

"Yule wa kijani mwenye mdomo kama kasuku, anayeguguna mawe. Ni nani?"

"Huyo pono, Mama."

"Pono?" Alimtazama ndani ya miwani yenye ukungu. "Pono wa usingizi wa pono?"

"Huyo huyo."

"Miaka thelathini na tisa nafundisha nahau hiyo! Nimewaambia watoto pono ni samaki mvivu, analala tu. Mbona yuko kazini!"

"Analala usiku, Mama."

"Kumbe," akasema, akarudisha uso majini bila kuambiwa.

Asheri alitaka kucheka, akashindwa, maana mkono ulikuwa umeanza kufa ganzi na boti haionekani. Kila wimbi lilimwinua kidogo, akarudi kutafuta mchanga kwa vidole vya miguu. Alimfikiria Loveness pale Usagara, ameegemea mlango, begi pembeni. Alijilaani. Alimlaani Zabron. Alilaani pilau la Ijumaa, na nyama yake, na njaa yake mwenyewe. Mkono hakuuachia. Mama yule akawa anaibuka kila baada ya muda kuuliza jina, nani huyu, nani yule, huyu tasi, huyu kangu, na Asheri akijibu huku maji yanamgusa kidevu.

Mlio wa mashine waliusikia saa kumi na dakika arobaini.

Zabron alikuja polepole, anazunguka, anashangaa. "Kisiwa kiko wapi?" akapiga kelele. Alipoviona vichwa viwili akaacha usukani nusura atumbukie. Wakati wa kuwavuta ndani alikuwa karibu kulia. "Si uliniambia saa kumi? Saa kumi kamili nimetoka Pangani! Simu imezimika, lakini saa kumi kamili nimetoka!"

Bi Beatrisi alikaa katikati ya boti, amejifunika shuka, kiatu kimoja mguuni. Miwani hakuivua mpaka walipoingia mdomo wa mto Pangani. Njia nzima hakusema neno, na Asheri akajua yamekwisha. Kupigiwa kelele kungekuwa afadhali.

Nyumbani Loveness alikimbilia mlangoni na tumbo lake. "Mama! Safari vipi?"

"Nimemwona pono," mama yake akasema, akaingia kuoga.

Jumatatu hakusema. Jumanne hakusema. Asheri usiku aligaagaa, akala nusu sahani, akaanza sentensi mbele ya mkewe akaziacha katikati, mpaka Loveness akamuuliza kama bahari imemroga. Jumanne hiyo jua lilipozama alitoka nje peke yake akasimama uani, shingo juu, akiutafuta mwezi juu ya mabati ya jirani. Wapangaji wakamcheka.

Jumatano alfajiri alibeba mizigo yote mpaka stendi ya Kange, kwa kuwa hakuna aliyemwambia abebe upi. Sanduku la mama kichwani, begi la bluu begani. Loveness alitembea nyuma, macho yamevimba. Asheri akampa utingo sanduku. Kisha akashusha begi la bluu, akalishika kidogo, akalinyanyua.

"Hilo nani kakwambia ulipakie?"

Akageuka. Bi Beatrisi alikuwa kwenye ngazi ya basi.

"Nilikuja kumchukua binti yangu," akasema, sauti ya darasani, abiria wote wanasikia. "Ulinidanganya nusu saa, na hilo sijalisahau wala sitalisahau. Lakini mkono wako ulinishika zaidi ya saa nzima, na haukulegea hata mara moja. Nikaona kazi yako. Rudisha begi nyumbani. Mtoto akizaliwa nitashuka mwenyewe."

Loveness akaanza kulia kwa sauti, safari hii bila vyombo. Asheri akalikumbatia begi kifuani.

Utingo akapiga ubavu wa basi. Bi Beatrisi akaingia, akapata kiti cha dirishani, akasukuma kioo, akatoa kichwa.

"Asheri! Leo mwezi ngapi?"

"Mwezi tano, Mama."

Basi likaanza kwenda. Mama mkwe akamkazia macho, kidole nje ya dirisha.

"Umeuona, au umeula?"